Ua Lisilokunywa Maji ya Falaji

Alfajiri mjini Ibra, Omani, kabla hajaliwasha boza lake la maji, Nadhir anainama nyuma ya nyumba na kumimina kikombe kimoja cha maji, kutoka dumu lililotengwa kando, kwenye chungu cha maua. Anamimina polepole, kama anayemnywesha mgonjwa uji. Kisha anafunga dumu, anapiga bismillahi na kwenda kuwapelekea watu maji.

"Kutwa nzima nimebeba maji, na hili ua langu halitaki hata tone lake," anasema akicheka.

Ua lenyewe ni azalia, kichaka kifupi chenye majani mabichi mwaka mzima, ambacho kwao ni milima ya baridi na mvua. Ibra, ambako joto la kiangazi hupita nyuzi arobaini na tano, hakuna mwenye akili timamu anayeipanda. Nadhir, mwenye umri wa miaka 48, anaipanda kwa mara ya tatu.

Sababu yake imekaa sebuleni. Mama yake, Bi Mabruka, alizaliwa Lushoto, Tanzania, akaletwa Omani akiwa msichana. Mlangoni kwao kulikuwa na azalia za rangi ya waridi, na hajaacha kuzitamani. Sasa presha ya macho inamwibia nuru kidogo kidogo, na daktari ameshasema kilichopotea hakirudi.

"Ingekuwa asumini ningengoja harufu," anasema Bi Mabruka. "Azalia ile haikuwa na harufu, mwanangu. Ya kutazamwa tu. Nataka niione mara moja, khalas."

Mche wa kwanza Nadhir aliupanda bustanini, katikati ya mitende na milimau. Zamu ya familia ya maji ya falaji, mfereji wa mtaa, ilipofika, akaupa nao fungu lake kama adabu inavyotaka. Maji yale yana chokaa, na azalia haipatani na chokaa. Majani yakawa manjano, mche ukafa.

Wa pili akauweka chunguni na kuunywesha maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi, ambayo hayana chokaa. Ukashamiri. Siku moja akarudi kutoka kazini akakuta chungu kimelowa chepechepe.

"Nilimwonea huruma," anakiri mama yake, bila kujuta sana. "Siku ya zamu kila mti unakunywa, yeye peke yake anatazama. Sisi hatukulelewa hivyo."

Mche huo nao ukafa, lakini Nadhir hakumlaumu. "Ningemwambia nini mama yangu? Nilitoka nje nikalia, wallahi, kisha nikarudi kula."

Huu wa tatu ulikaa ndani kiangazi kizima, kwenye dirisha lisilopigwa na jua. Wakati wa baridi viyoyozi huzimwa, kwa hiyo mkewe, Fawziya, alianza mapema kukinga maji na kuyaweka madumuni. Majirani walimcheka, kisha wakaleta na yao. Sasa vitumba vimetokea, lakini bado vimefumba.

Kila jioni Nadhir hukibeba chungu hadi sebuleni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Lilete."

Jicho la kulia ndilo linaloona bado, nalo kwa karibu tu. Nadhir anasogea taratibu mpaka mama aseme, "Hapo." Hapo anabandika kipande cha utepe sakafuni, ili siku ua likichanua asipoteze wakati kutafuta pa kuliweka.

Utepe wa kwanza ulikuwa karibu na mlango. Baadaye ukawa katikati ya chumba. Jana, mbele ya mwandishi wa makala haya, Nadhir aliubandua tena na kuusogeza upande wa kiti. Bi Mabruka aliusikia ukibanduka, akageuza uso dirishani.

Siku likichanua, boza halitatoka. Wateja wake ameshawaambia, na wamemwombea dua.

Aliulizwa kama ua litawahi. Nadhir aliitazama nafasi iliyobaki kati ya utepe na kiti cha mama yake.

"Nafasi bado ipo," alisema. "Na ikiisha, nitaliweka mapajani mwake."