Kanyshai na Tasnifu ya Maharage

Kanyshai hakujua kukaa. Chumbani kwetu, kwenye bweni la chuo huko Bishkek, mji mkuu wetu, tulikuwa wasichana watatu na meza moja, na hatukuwahi kuigombania kwa sababu yeye hakuihitaji. Alisoma akitembea kutoka dirishani hadi mlangoni, kitabu mkononi, midomo ikicheza. Chai aliinywa wima. Nilipomwambia, "Wee Kanyshai, keti basi, unanitia kizunguzungu," alinijibu, "Nikiketi na akili inaketi, Gulzina. Niache."

Mimi natoka Naryn, kwenye baridi, ambako mtu akipata pa kukaa hanyanyuki ovyo. Yeye kwao ni Talas, ng'ambo ya milima. Talas nzima inalima maharage. Wanalima, wanawauzia madalali, madalali wanawauzia Waturuki, na wenyewe jioni wanakula nyama na tambi kama sisi wengine. Ukimpikia Mtalas maharage anakuangalia kama umempikia mbegu.

Tuliingia kusoma uchumi tukidhani siku ya kwanza tutafundishwa pesa inavyozaa. Mwaka mzima wa kwanza ukapita na hisabati, historia ya nchi, falsafa, lugha na, mnisamehe, michezo. Bila alama ya michezo hupandi mwaka wa pili. Wenzetu walilia. Kanyshai alinung'unika kuliko wote, "Nimetoka Talas kuja kusoma uchumi, wananirukisha kamba!" Lakini ndilo somo pekee alilopata tano, alama ya juu kabisa, bila kutoa jasho. Kule uwanjani hakuna aliyemwambia aketi.

Mwaka wa pili ndipo uchumi wenyewe ulipoanza, na ndipo matatizo ya Kanyshai yalipoanza. Tulikuwa tukisoma habari za bei. Mwalimu alieleza kwamba wakulima wote wakivuna na kuuza kwa wakati mmoja bei inaanguka, na anayeweza kuhifadhi mazao hadi yapungue sokoni ndiye anayefaidi. Basi. Maneno ya dakika chache, tukageuza ukurasa. Kanyshai hakugeuza. Alitoka darasani kabla ya kipindi kwisha, akampigia simu baba yake palepale kwenye korido. Nilimfuata, nikasikia yote.

"Baba, usiuze."

"Nisiuze nini?"

"Maharage. Ngoja masika. Sasa hivi kila mtu anauza, mnawapa madalali bure."

Mzee Sagynbek alikuwa na sauti nene, ilisikika hadi niliposimama. "Mwanangu, dalali yuko hapa mlangoni na lori lake."

"Mwambie ageuze lori aende zake."

"Nani kasema?"

"Kitabu kimesema, Baba. Chuo kimesema. Mimi nasema! Ulinileta huku nisome nini kama hunisikilizi?"

Kisha tukamsikia mzee akimwambia mtu, si sisi, "Samahani ndugu yangu, mwaka huu hatuuzi. Binti yangu mchumi amekataza." Na alivyolitamka neno hilo, mchumi, ungedhani anamtaja waziri.

Maharage yakalala ghalani majira yote ya baridi. Masika ilipofika bei ikashuka. Haikusimama, haikuyumba, ilishuka. Wengine walisema huko duniani mavuno yalikuwa makubwa, wengine wakasema ni fedha ya Waturuki imeharibika, wengine wakalaumu malori kukwama mpakani. Mzee Sagynbek akangoja, akangoja tena, mwishowe akauza kwa bei ambayo yule dalali wa kwanza angeona haya kuitaja. Harusi ya kaka yake Kanyshai, Bektur, iliyopangwa kufanyika masika hiyo, ikaahirishwa. Nyumbani kwa bibi harusi watu wakaanza kuuliza kama kijana ana nia kweli au anawachezea binti yao.

Kanyshai alirudi kutoka likizo akiwa amekonda. "Baba kasemaje?" nikamuuliza.

"Hajasema kitu."

"Si afadhali?"

"Afadhali? Angenifokea ningelala usingizi. Ananimiminia chai, ananiuliza masomo yanaendaje. Bektur ananiita Mheshimiwa. 'Mheshimiwa, tuvae makoti leo au tungoje masika?' Mama anamkanyaga mguu chini ya meza. Gulzina, siwezi kukaa kwenye nyumba ile."

Lakini hata pale bwenini hakuweza kukaa. Wiki ile alikwenda ofisi ya mkuu wa kitivo akaomba kuhamia uhasibu. Baada ya siku chache akataka utalii. Mara akasema anaacha kabisa, atakwenda Moscow kufanya kazi kama binamu zake. Nilimfuata huku na huko kama mtu anayechunga ndama aliyekata kamba. Kilichomzuia kuhama kilikuwa kichekesho: masomo aliyokwisha kufaulu yasingehesabiwa kote huko, angeanza na hisabati upya. "Falsafa naweza kurudia," akasema. "Hisabati ile, hapana." Akabaki kwa kukosa njia.

Mwaka wa tatu tukakutana na ekonometria. Ni somo la kuchukua takwimu za mambo ya kweli na kuzihoji: je, hiki kinakwenda na kile, au ni bahati tu? Ndilo somo linalowarudisha wengi nyumbani. Kanyshai alianguka mtihani wa kwanza. Alikuwa ameandika swali la kwanza, akainuka, akatoka, eti chumba kilikosa hewa. Ilibidi arudie, na katika kurudia ndipo kitu kikamshika. Siku moja alisimama katikati ya chumba chetu, kikombe mkononi, chai ikimwagikia soksi zake, wala hana habari.

"Gulzina. Kumbe hili ndilo somo la kujua kama nilikosea au nilikosa bahati."

"Lini?"

"Lini gani? Yale maharage!"

Tangu hapo alilisoma kama mtu aliyeibiwa anayemtafuta mwizi. Alifaulu. Na mwaka wa nne, ambapo kila mwanafunzi hutakiwa kuandika tasnifu na kuitetea mbele ya jopo la walimu ndipo apewe shahada, hakuhitaji kutafuta mada. Wengine tuliandika kuhusu benki na kodi, mambo ambayo takwimu zake zimekaa tayari kwenye kompyuta. Yeye alitaka kujua kama mkulima wa Talas anayengoja masika hupata zaidi ya anayeuza vuli. Msimamizi wake, Mwalimu Anarkan, mama mwenye wanafunzi wengi na usingizi kidogo, alimwambia atumie takwimu za serikali. Kanyshai akasema takwimu za serikali hazimjui baba yake.

Basi likizo ya baridi tukaenda wote wawili. Tulivuka milima kwenye gari la abiria lenye madirisha yaliyoganda, tukashuka kijijini kwao theluji ikiwa magotini. Kila siku tulipita nyumba kwa nyumba na maswali yetu: mlivuna kiasi gani, mliuza lini, kwa bei gani, miaka yote mnayoikumbuka. Habari zilitutangulia. Kwenye lango la tatu au la nne jamaa mmoja alipaza sauti akiwa juu ya paa, koleo la theluji mkononi: "Fungeni maghala! Binti Sagynbek amekuja kutushauri!"

"Sijaja kushauri, kaka. Nimekuja kuuliza."

"Aa, sasa unauliza! Ungeanza na kuuliza, Bektur angekuwa na mke."

Mtaa mzima ukacheka. Kanyshai naye akacheka, lakini nilimwona akiumauma ncha ya mtandio wake. Kisha akaingia kwa jamaa huyohuyo, akamhoji hadi akachoka yeye, si Kanyshai. Walitusema, na walitulisha. Hakuna nyumba tuliyotoka bila kuonja mkate na jemu ya aprikoti, yale matunda madogo ya njano ya huko, na bibi mmoja alitujazia mifuko jibini kavu ya chumvi akisema, "Tafuneni njiani, labda huyu mrefu atatulia."

Nyumba yao aliiacha mwisho kabisa. Nilimwambia, "Mimi nitamhoji mzee, wewe nenda kamsaidie mama." Akakataa. Akaketi. Nasema akaketi, kwenye godoro la sakafuni, mbele ya baba yake.

Mzee Sagynbek alijibu swali baada ya swali kwa adabu, kama anayejibu mgeni kutoka mjini. Ekari, magunia, miaka. Tukafika mwaka ule.

"Mwaka ule hukuuza vuli," Kanyshai alisema bila kuinua macho. "Uliuza masika. Kwa sababu gani?"

Mzee akazungusha bakuli lake la chai.

"Kuna majibu ya kuchagua?"

"Yapo. Hukupata mnunuzi, bei haikukuridhisha, hukuwa na shida ya fedha, au sababu nyingine."

"Nyingine," akasema mzee. "Andika: nilimwamini mtu."

Kanyshai aliandika. Kisha aliinuka, akatoka nje bila koti. Nikataka kumfuata, mzee akanionyesha kwa kidole nibaki. "Mwache atembee. Tangu mdogo yuko hivyo." Kupitia dirishani tulimwona akienda na kurudi kando ya ghala, anakwenda, anarudi, hadi theluji ikafanya njia.

Tuliporudi Bishkek akaingiza takwimu zote, akafanya hesabu. Hakuna kitu. Mwaka mmoja waliongoja walifaidi, mwaka mwingine waliumia, na ukijumlisha miaka yote na nyumba zote huwezi kusema nani kashinda. Akarudia kwa njia nyingine. Hakuna kitu. Nilidhani atafurahi: si alikosa bahati tu? Akanikatiza, "Sikukosa bahati. Nilisema kwa uhakika jambo ambalo halina uhakika. Hilo ndilo kosa."

Mwalimu Anarkan alizipitia karatasi, akavua miwani, akajisugua macho. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni nikingoja zamu yangu.

"Kanyshai, binti yangu, kazi nzuri. Lakini jopo litakuuliza umegundua nini."

"Kwamba haijulikani, Mwalimu."

"Hilo si jibu la kupatia tano. Tazama hapa." Akaweka kalamu kwenye mchoro. "Kuna nyumba chache ziko mbali na wenzao. Hizi hapa. Zilingoja mwaka mbaya kabisa, zikaumia sana. Ukiziondoa, picha inanyooka: anayengoja anafaidi. Watu huondoa, unaeleza kwamba ni za pekee."

Kanyshai aliangalia ile kalamu ilipogusa. "Hii ni ya kwetu."

"Sikujua."

"Mwalimu, nikiiondoa ya kwetu nitakuwa nimekiandika upya kilekile kitabu. Na msichana mwingine atampigia baba yake simu."

Mwalimu Anarkan hakukasirika. Alirudisha kalamu mezani, akasema kwa sauti ya chini, "Ukipata chini ya tano, nafasi moja ambayo kitivo hutoa ya kuendelea na masomo ya juu inakwenda kwa mwingine. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Basi ziache zote. Ila uandike vizuri, wakushinde kwa matokeo, wasikushinde kwa lugha."

Siku ya kutetea tasnifu alisimama mbele ya jopo, na mara hii kusimama kulikuwa halali. Mwenyekiti, profesa mwenye tai pana, alifunua kurasa za mwisho akauliza, "Kwa hiyo, baada ya kazi yote hii, hujagundua kitu?"

"Nimegundua kwamba ushauri tunaowapa wakulima hauna msingi kwa maharage ya Talas, kwa miaka niliyoipima. Anayewaambia wangoje anawachezesha kamari, na hasara si yake."

"Na anayewaambia wauze mapema?"

"Yeye pia."

Wakanong'onezana. Mmoja alitaka apewe tatu, kwa kuwa tasnifu haina hitimisho. Mwalimu Anarkan, ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, akasema hitimisho lipo ila halipendezi. Wakampa nne. Nafasi ile ikaenda kwa kijana aliyeandika kuhusu benki. Kanyshai alikunja karatasi zake akatoka, na tulitembea kutoka chuoni hadi bweni kwa miguu, mji mzima. Tulipofika mlangoni akasema, "Niliitaka ile nafasi, unajua?" Nikasema najua. Akalia pale ngazini, amesimama.

Vuli ile harusi ya Bektur ilifanyika hatimaye, nami nilialikwa. Asubuhi baada ya karamu tulikuwa tukinywa chai na mabaki ya maandazi yale madogo ya karamuni, wakaja madalali na lori. Mzee Sagynbek akamgeukia binti yake mbele ya watu wote.

"Haya, mchumi. Mwaka huu tuuze lini?"

Bektur akasahau kutafuna.

"Sijui, Baba."

"Miaka minne chuoni, umerudi kuniambia hujui?"

"Ndiyo. Zamani nilikuwa sijui halafu sijui kwamba sijui. Uza nusu, nusu tungoje. Yakiharibika tuumie nusu."

Mzee alimtazama, mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Nusu," akamwambia dalali huku akijifuta macho. "Chukua nusu, bwana. Mchumi amepanda bei, sasa anatoa ushauri wa nusu."

Siku hizi Kanyshai anafanya kazi na ushirika mmoja wa wakulima, anazunguka vijiji vyote vya bonde lile kukusanya bei na mavuno kila mwaka, maana anasema miaka aliyoipima haitoshi. Nilimpigia juzi kumsalimu. Nilisikia upepo, mbwa wanabweka, na pumzi yake.

"Uko wapi?"

"Njiani. Niambie upesi, Gulzina, kuna mzee hapa anafunga lango."