Dari ya Kupimia Mikanda ya Bega

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi rangi, na mtaa mzima unamwita Mzee wa Dari. Dada naye ni fundi rangi. Wamegawana kazi: mke kuta, mume dari, na ole wako umguse Mzee wa Dari ngazi yake.

Basi bega lake la kulia likachomoka kazini. Daktari akalirudisha, akamwonya: likichomoka tena ni upasuaji, na kwaheri dari. Akampa mikanda miwili ya bega ajaribu, achague mmoja.

Mtu mwingine angevaa, akalala nao, akausikiliza mwili. Shemeji alipima kama mafundi rangi wanavyopima rangi: kila mkanda akapaka nao kipande kimoja cha dari ya sebule yake mwenyewe.

Mkanda wa kwanza ulikuwa mgumu, una kamba za kuzunguka kifua. Ulibana, ukamchubua kwapa, mkono ukagoma kupita kidevu. Kipande chake kikatoka na michirizi ya aibu. Wa pili ulikuwa laini kama fulana. Mkono ukapanda wenyewe, kipande kikang'aa.

"Kizuri chajiuza!" akatamba. "Nimechagua huu."

"Na bega linasemaje?" dada akauliza.

"Tangu lini bega likawa na mdomo?"

Asubuhi yake, mkanda laini ukiwa begani, alinyoosha mkono kuchukua sukari kabatini. Bega likateleza nusu, kisha likarudi lenyewe. Shemeji akakaa chini sakafuni, jasho linamtiririka. Mimi nilikuwa mezani nikisubiri chai, na nakiri niliogopa kuliko yeye.

Dada akachuchumaa mbele yake. "Baba watoto, wewe umepima dari. Bega umelipima lini?"

Shemeji akauvua ule laini. Akajiachia afungwe ule mgumu, kamba moja baada ya nyingine, uso ameukunja.

Sebule haiwezi kubaki na viraka, kwa hiyo dada akapanda ngazi. Shemeji akaishika kwa mkono wa kushoto, akiongoza kutoka chini: "Brashi ya mwisho ivute kuelekea dirishani. Taratibu. Usirudie."

Dada alipomaliza, shemeji alizunguka chumba kizima akitafuta kosa. Nilimwona anavyolitamani. Hakulipata.

"Kazi ya kesho panda wewe," akasema.

Dada akashuka, akamkumbatia upande wa kushoto.