Kolekole Aliyekuja Mwenzangu Akiomba Dua

Admin, jina langu lifiche, na ukiweza ifiche hata ile picha yangu ya wasifu, kwa sababu humo nimekumbatia samaki, na samaki mwenyewe ndiye kesi.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na mmoja, nina mke na watoto watatu, nauza leso Biashara Street. Sikusoma sana. Mengi nimeyajua kwa kusimama nyuma ya meza nikitazama watu wakijifanya hawana haja na leso ambayo wameshaichagua moyoni. Nina rafiki tangu chuoni, tulipokuwa tukisoma Qur'ani na kuchapwa kwa bakora moja. Nimwite Swaleh. Sisi wawili tumo katika mashindano ya kuvua kwa fimbo, watu wawili wawili, kwenye mkono wa bahari ulio nyuma ya Tudor, ambao sisi twauita mto. Ni duru nne. Samaki hupimwa uzani mwisho wa kila duru, na sharti kubwa ni moja: awe ameshikwa kwa ndoana yako, si kwa wavu.

Duru mbili za kwanza tulishika mkia. Wenzetu wakatuita wauza barafu, kwa kuwa sanduku letu lilirudi na barafu tupu. Swaleh alicheka. Mimi nilijifanya nacheka, na nadhani ubaya wangu ulianzia hapo.

Duru ya tatu, adhuhuri, tulifunga mashua kwenye kipande cha mchanga katikati ya mikoko. Swaleh akashuka kuswali. Nikamwambia mimi nitaswali nikirudi, lazima mtu abaki na fimbo. Akaelekea kibla, mgongo kwangu. Hapo akapita mvuvi mmoja na mtumbwi, ametoka kutoa jarife lake, ule wavu wa kutega. Humo ndani mna kolekole mkubwa, bado yuahema. Hatukusema mengi. Nilimpa chupa ya chai na chombo kizima cha mahamri na mbaazi alivyotupikia mamake Swaleh, akanipa samaki, akaenda zake akitafuna. Nikamtia kolekole ndoana mdomoni kwa mkono wangu, nikamtosa majini, nikaanza kumvuta.

Swaleh alikuwa ameshatoa salamu, yuko kwenye dua. Aligeuka akaona fimbo imepinda. Akaja mbio na kikoi chake hadi maji yakamfika magotini, na samaki alipopanda mashuani, mtu mzima yule akalia.

"Yakhe," akaniambia, "ndicho nilichokuwa nikiomba. Hata mikono sijashusha."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Nikasema alhamdulillahi. Neno zuri, mdomo mbaya. Baadaye akauliza chakula kiko wapi, nikamwambia nimekila chote. Akaniita mlafi, akanywa maji.

Kwenye mizani alikuwapo mshindani mmoja mtu mzima, nimwite Mzee Chengo, aliyekuwa akiongoza. Kabla ya fimbo, maisha yake yote alivua kwa nyavu. Akamwinamia kolekole wetu, akapitisha kidole nyuma ya mashavu, pale magamba yalipoinuka mzunguko mzima kama mkufu. Akasema taratibu kwamba huyu amepita kwenye jarife. Kamati ikanitazama. Kabla sijafungua mdomo, Swaleh akatangulia mbele.

"Wallahi billahi, nimemuona kwa macho haya yuamvuta kwa fimbo."

Swaleh ndiye mtu ambaye majirani wa Mji wa Kale humwachia funguo za nyumba wakisafiri. Neno lake halipimwi mara mbili. Kamati ikamwambia Mzee Chengo aombe radhi au ajitoe. Akafunga fimbo zake. Aliponipitia akasimama kidogo.

"Mwenzako hakusema uwongo," akaninong'oneza. "Ameapa alichokiona."

Tangu siku hiyo hajaonekana mtoni.

Lingekuwa hilo tu, ningelimeza. Lakini Swaleh ameacha miraa, iliyomshinda kuacha tangu ujana wake. Asema mtu aliyejibiwa dua kabla ya kushusha mikono hana uso wa kurudi kutafuna majani. Kisa hicho amekisimulia kila baraza, nami huketi pembeni nikitikisa kichwa kama shahidi. Mamake akaja dukani kuniombea. Akasema, "Mwanangu, umenirudishia mtoto." Kisha akauliza kama mahamri yalitutosha siku ile. Nikamwambia yalitosha. Hilo lilikuwa kweli, yalitosha samaki mzima.

Nikisema, Mzee Chengo atarudishiwa heshima yake, lakini Swaleh atakuwa ndiye aliyemwapia Mungu mbele za watu juu ya samaki wa wavu, na ile dua aliyoishikilia itamponyoka. Nachelea na miraa isije ikarudi. Nikinyamaza, nimemvika rafiki yangu kiapo changu shingoni, naye akivaa kwa furaha.

Duru ya mwisho ni Jumamosi hii, na sisi ndio tunaoongoza. Jana Swaleh alikuja dukani, akaniambia tutafunga mashua palepale mchangani.

"Safari hii fimbo tuziweke chini, tuswali jamaa," akasema. "Wewe tangulia uwe imamu, mimi nitasimama kuliani kwako, nyuma kidogo. Dua ilikuwa yangu, lakini Mungu aliileta mkononi mwako. Hakuileta bure."

Ndugu zangu, nimewahi kuwaapia wateja kwamba leso haichuji rangi, na usiku nikalala. Lakini nielekee kibla mbele ya mtu huyu, nikiinama naye ainame nyuma yangu? Nimwambie, na nianzie wapi, kwa samaki au kwa mahamri ya mamake? Au nianze kwa Mzee Chengo? Nipeni shauri, tafadhali, kabla ya adhuhuri ya Jumamosi.