Ndayikeza hamwachi mzazi peke yake

Saa saba mchana mvua imekatika, na njia inayoteremka kutoka kijiji cha Heru Juu ni utelezi mtupu. Laurentine Ndayikeza, mwenye miaka 47, amevua kandambili na kuzishika mkononi. Mkono wa pili umemzunguka kiunoni Irakoze, binti wa miaka 19 aliyeshikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Bodaboda imeshindwa kupanda kilima, hivyo wanaifuata chini kwa miguu.

"Simama. Pumua. Niegemee," anamwambia.

Irakoze analia kwa Kirundi kwamba anakufa.

"Hufi, mwanangu. Komera, jikaze," anamjibu kwa lugha hiyohiyo.

Ndayikeza si mkunga, wala hazalishi. Ni msindikizaji. Humpeleka mjamzito kliniki tangu mimba ikiwa changa, humsugua mgongo wakati wa uchungu, na mtoto akishalia haondoki. Kwa miaka tisa amewasindikiza wanawake zaidi ya mia mbili bila mshahara. Chakula chake ni muhogo na maharage ya shambani, na siku akiitwa, jembe hulala.

Ni mzaliwa wa familia iliyotoka Burundi, sasa raia wa Tanzania. Anapoulizwa alianzaje, anainuka, anachungulia nje, anarudi kukaa.

"Mdogo wangu Ininahazwe alijifungulia mbali na nyumbani. Ndugu tukaambiwa tusubiri nje. Tulipiga vigelegele, kumbe damu inamtoka. Aliita kwa Kirundi, wodini hakuna aliyemwelewa. Nilipoingia na uji, mikono yake ilikuwa ya baridi."

Anachungulia tena nje. "Hakufa kwa kukosa dawa. Dawa ilikuwepo. Alikosa mtu wa kusema."

Zahanati wanafika salama, na saa kumi jioni Irakoze anajifungua mtoto wa kike. Mama mkwe wake anacheza ukumbini. Ndayikeza hachezi. Anakagua kanga kama ina damu, anamgusa Irakoze paji la uso, anamuuliza tena na tena anajisikiaje.

"Kichwa kinaniuma sana, mama," Irakoze anamnong'oneza. "Naona vimulimuli."

Ndayikeza anamfuata muuguzi wa zamu, Melkiadi, aliye peke yake na wazazi wengine wawili.

"Huo ni uchovu, mama. Mpe chai alale."

"Nesi, huyu namjua tangu mimba ya miezi mitatu. Hajawahi kulalamika kichwa. Naomba umpime presha."

"Nitampima nikimaliza hapa."

"Mpime sasa, baba. Mimi sitoki hapa mlangoni."

Melkiadi anakuja, uso umekunjamana. Anafunga kifaa mkononi mwa Irakoze, anasoma, anapima mara ya pili. Anakwenda mbio kuchukua sindano, kisha anapiga simu kuomba gari la wagonjwa.

Njiani kwenda hospitali Ndayikeza amepiga magoti garini, mtoto kifuani, mkono wa Irakoze mkononi mwake, akimwita jina kila akifumba macho.

Siku ya tano Irakoze aliruhusiwa kurudi nyumbani na mwanawe.

"Ilikuwa kifafa cha mimba kinakuja, na huweza kumpata mwanamke hata akishajifungua," Melkiadi anaeleza. "Tungechelewa kidogo, angeanza degedege. Nilikuwa nimechoka. Yule mama alimsikia mgonjwa, mimi sikumsikia."

Sasa amemruhusu Ndayikeza kukaa wodini, na wanapanga pamoja mafunzo ya wasindikizaji wengine. Wanawake sita wamejitokeza, akiwamo Nadège, Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Ndayikeza anataka kila kitongoji kiwe na wawili kabla ya masika.

Lakini wiki hii wajawazito watatu wanakaribia siku zao, kila mmoja kilima chake, na yeye ni mmoja. Tunamaliza kuongea akiwa wima, kanga imeshafungwa kiunoni.

"Mimi sitafuti sifa," anasema, macho yakiwa barabarani. "Nataka siku moja niambiwe fulani ameshikwa na uchungu, nami niendelee kulima, kwa sababu najua mwenzangu ameshafika."