Siku Mgongo Wangu Ulipobatizwa na Michoro Yake

Afadhali mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjaipata kwa wapagazi wa Malaba, kwa sababu wao wakiisimulia hii habari huwa wanaitia chumvi hadi hailiki: ndiyo, ni mimi niliyesimama katikati ya Mto Sio siku ya ubatizo wangu, nimelowa chapachapa, kwaya imekata wimbo, na kiunoni nimeandikwa USITUPE kwa herufi kubwa.

Kazi yangu ni fiziotherapia, yaani kuwasaidia watu wenye maumivu ya misuli na viungo, na hapa mpakani wagonjwa hawakosekani: madereva wanaokaa kwenye foleni siku mbili, na wapagazi wanaoinua magunia kama wanagombana nayo. Mke wangu Ajiambo anaielewa kazi hii. Mama yake, kule Namboboto, hakuwahi kuielewa. Kwake yeye, mwanamume anayekanda migongo ya watu na kutaja majina yasiyoeleweka hana tofauti na mganga, na kwa miaka sita ya ndoa yetu alikuwa akimwambia binti yake, "Siku atakapobatizwa nikiona kwa macho yangu, hapo nitajua umeolewa na mtu wa Mungu." Basi nikajiandikisha kwa ubatizo. Tarehe ikapangwa, Jumamosi asubuhi, na mama akaahidi kuja.

Sasa, Ijumaa mchana nilikuwa nimealikwa kuwafundisha wapagazi jinsi ya kulinda migongo yao. Nikawaambia hivi: mgongo ni kama lori lililofunikwa turubai. Misuli ile mipana ya juu, inayoonekana ukivua shati, ndiyo turubai, na kazi yake kubwa ni kuvuta mikono. Kinachozuia mzigo usipinduke ni kamba zilizofungwa chini yake, kule ndani, zimeshika uti wa mgongo kuanzia nyonga hadi kichwani. Wakatikisa vichwa kwa heshima, kama watu wanaongojea soda.

Nikaona hawajaelewa. Nikaomba mmoja avue shati nimchoree kwa chaki.

"Dakitari," akasema Omoding, kiongozi wao, mtu wa Amukura mwenye mabega kama mlango, "mgongo yangu ni ya kazi, si ubao ya shule."

Wakacheka wote. Mimi nami (hapa ndipo nilipojimaliza) nikavua shati langu nikasema nichoreni mimi, nitawaelekeza kwa mdomo. Chaki ikagoma, maana jua la saa nane lilikuwa limenitoa jasho, ikawa inateleza tu. Omoding akatoa mfukoni kalamu nene nyeusi, ile wanayotumia kuandika maonyo kwenye magunia.

"Tumia hii, boss. Hii hata mvua inyeshe wiki mzima haitoki."

Alinionya kabisa! Lakini mwalimu akishapata wanafunzi waliokodoa macho hasikii kitu. Nikamwelekeza, naye akachora vizuri kuliko nilivyotarajia. Kila upande wa uti, nguzo tatu ndefu: namba moja ya nje, inayoshika mbavu, namba mbili ya katikati, ndefu kuliko zote, inayofika hadi kwenye fuvu, namba tatu ya ndani, iliyobanana na uti wenyewe. Halafu chini ya hizo, namba nne, vijimsuli vifupi vinavyopanda kutoka pingili moja na kuruka mbili tatu hivi kabla ya kujishikiza tena, vinene zaidi pale kiunoni. Vitabuni huitwa multifidus. Ni vidogo, lakini vikilala usingizi, pingili zinatikisika kila unapoinama. Safari hii walielewa, na maswali yakamiminika, nami nikafurahi mno, hata nilipohisi Omoding anaongeza kitu pale chini kiunoni sikuuliza ni nini.

Jioni nilijimwagia maji. Nikasugua mgongo pale mkono ulipofika (na mkono wa mtu hufika karibu tu, hilo nalo ni somo), nikaona maji meusi kidogo, nikajisemea imetoka. Ajiambo alikuwa ametangulia Namboboto kumleta mama, kwa hiyo nyumbani hapakuwa na jicho la pili.

Asubuhi mtoni tukapewa kanzu nyeupe za kanisa, zilizofuliwa hadi zikawa nyembamba kama maganda ya kitunguu. Mama mkwe nilimwona kwa mbali, amesimama kando chini ya mwavuli, leso mabegani. Kwetu mkwe na mama wa mkewe hawapeani hata mkono, na kumwonyesha mama huyo mwili wako, hata mgongo tu, ni jambo la kuitiwa kikao cha wazee. Nikajiambia, kanzu imenifunika, hakuna shida.

Mchungaji akanizamisha, akaniinua, kwaya ikapaza sauti. Kisha akanigeuza nimtazame yeye aniombee, na mgongo wangu ukaelekea ukingoni, kanzu iliyolowa imeugandama.

Wimbo ulikufa kwa zamu. Sauti za juu zilinyamaza kwanza, halafu za kati, akabaki mzee mmoja wa besi aliyekuwa amefumba macho.

"Mchungaji!" akapiga kelele mama mmoja wa kwaya. "Huyo mtu amechorwa!"

Na kutoka chini ya mwavuli, sauti niliyoitambua: "Ajiambo, si nilikuambia? Miaka sita nakuambia."

Moyo wangu ukazama kuliko nilivyozamishwa. Mchungaji akazunguka nyuma yangu polepole.

"Ndugu," akaninong'oneza, lakini mtoni mnong'ono husafiri, "kama ulipitia kwa mganga, sema tu sasa. Maji bado iko."

Mtu mwenye akili angejibu kwa sentensi moja. Mimi nilianza darasa. Nikiwa ndani ya maji hadi mapajani, meno yakigongana, nikaeleza turubai na kamba, nikaeleza nguzo tatu, na mchungaji mwenyewe akajikuta anafuata mistari kwa kidole juu ya kanzu: "Hii moja inashika mbavu. Hii mbili inaenda kwa kichwa. Sawa. Na hii USITUPE ni msuli gani?"

"Hiyo ni Omoding," nikasema.

Ukingo mzima uliangua kicheko, mchungaji akashika bega langu asianguke, na mzee wa besi ndipo akafumbua macho akauliza kumetokea nini. Ila mimi sikucheka, kwa sababu chini ya mwavuli palikuwa kimya. Mama mkwe alikuwa amejifunika leso uso mzima, amenipa kisogo, kama adabu inavyotaka. Nikajua imeisha.

Kisha nikamwona Ajiambo anateremka hadi kwenye maji, ameuma midomo.

"Mama anauliza," akasema, "ile kitu inamshika kiunoni asubuhi akiinuka jikoni. Ni namba tatu ama ni hiyo namba nne ya chini?"

Nikamtazama mke wangu. Nikatazama leso ile, ambayo sasa ilikuwa imegeukia kwetu, pembe moja imeinuliwa kidogo. Ajiambo naye akaitazama, kisha tukaangalia maji wote wawili, maana kuna mambo ambayo mkwe hapaswi kuyaona, na moja ni mama mkwe akichungulia.

"Mwambie," nikasema, "siwezi kujua bila kumpima. Aende zahanati, dada anayefanya kazi na mimi atamwangalia. Kwa sasa akiinuka akaze tumbo kwanza, asijirushe."

Mama alienda. Wino ulikaa wiki mbili, na wapagazi walinibandika jina la Gunia, ambalo naliitikia bila kinyongo kwa sababu sasa wanakuja kutibiwa. Nimeapa: sivui shati tena kwa ajili ya somo, na kalamu ya magunia haitagusa ngozi yangu hadi nizikwe. Siku hizi nachora kwenye gunia tupu.

Juzi Ajiambo alirudi kutoka Namboboto na salamu za mama, za kwanza kutumwa kwangu moja kwa moja tangu nioe.

"Amesema uambiwe namba nne imeamka," akasema. "Na amesema hakuona kitu."