Bwana Harusi wa Tangi la Gudele

Moraa hakuwa mtu wa kulialia, na jirani yeyote wa Gudele, mtaa wa Juba, atakwambia hivyo. Alipotoka Kisii kumzika mumewe alifungua mlango, akavua viatu, akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba kumtazama kambare.

Kambare huyo alikuwa wa marehemu Cyril, mpishi wa hoteli. Cyril alinunua vifaranga mia mbili, akawatia kwenye tangi la saruji alilolijenga mwenyewe siku zake za mapumziko. Joto la Machi lilipozidi na pampu ikafa, walibaki wanne. Majike watatu waliliwa Pasaka. Dume hakuguswa. Cyril alimtambua kwa kile kinundu kilichochongoka nyuma ya tumbo, akampa jina Bwana Harusi.

Hawakujaliwa mtoto. Miaka ishirini na sita Cyril hakumsimanga mkewe hata siku moja. Alikuwa na hamu moja tu, kuona kizazi kikianzia katika ua wake, hata kiwe cha samaki. Alimlisha dume chakula cha samaki cha punje, kwa kikombe cha bati: nusu asubuhi, nusu jioni, akikisawazisha kwa kidole gumba. Mwezi Mei moyo ukamsimama, hotelini, mwiko mkononi.

Wapishi wenzake hawakumtupa mjane. Kila jioni walileta ndoo ya makombo, chipsi, wali na mafuta ya nyama, wakisema samaki wa Cyril asife njaa. Moraa aliyamwaga kwa viganja. Kambare alipanda juu, akaachama, masharubu yakimpapasa vidole. Siku nzima, ni hapo tu ambapo nyumba haikumwelemea kwa ukubwa.

Poni, jirani aliyezaliwa Juba, aliyaona hayo kutoka ng'ambo ya mabati.

"Haboba," alimwambia, akimwita bibi kwa Kiarabu cha Juba, "huyu hali chakula. Anakula matanga."

Moraa alimjibu kwamba amelea kuku, ng'ombe na mume, samaki hatamshinda.

Mwaka ulipopinduka dume alikuwa na urefu wa mkono mzima, tumbo limemjaa. Moraa akanunua jike huko Sherikat, kwa Namutebi, Mganda anayezalisha vifaranga, akamtia kwenye pipa kubwa kando ya tangi. Namutebi alimweleza kazi ilivyo. Kambare aliyefungiwa hatagi mwenyewe. Jike hudungwa sindano ya kukomaza mayai jioni, asubuhi akakamuliwa mayai. Dume hakamuliki: huchinjwa, akapasuliwa, zikatolewa mbegu.

Moraa aliahirisha mara mbili. Mara ya tatu aliona aibu, akamruhusu Namutebi adunge sindano.

Asubuhi ya Jumamosi alimtoa Bwana Harusi mwenyewe, kwa gunia lililoloweshwa, wala hakutaka mtu mwingine amshike. Kisu kikapita. Palipotakiwa kuwa na vifuko viwili vyeupe, vinono, palikuwa na mafuta ya manjano, tele, na katikati nyuzi mbili nyembamba kama za kushonea. Namutebi alizikata, akazibana. Hakikutoka kitu.

"Mama, huyu hakukomaa," alisema polepole. "Mwili iko kubwa, lakini ndani hapana. Mafuta imekula kila kitu. Ulikuwa unamupa nini?"

Moraa alitazama viganja vyake.

Jike hakuweza kungoja, sindano ilikwisha kufanya kazi. Wakamkamua. Mayai yalitoka kwa maelfu, yakajaa bakuli, mazima, ya kupendeza. Namutebi alisema boda ikikimbia Sherikat italeta dume mwingine kabla hayajaharibika. Moraa akatikisa kichwa. Vifaranga wa dume mwingine wangekuwa samaki tu.

Poni alikuja kumchukua dume akamkaushe kwa moshi. Hakumkumbusha lolote. Alimshika bega, akampa pole, "Malesh, haboba," na Moraa akamwomba asimletee hata kipande.

Jioni wapishi walileta ndoo yao kama kawaida. Moraa aliipokea kwa shukrani, akawapa mbwa wa Poni makombo yote. Kisha akaingia jikoni, akatafuta nyuma ya masufuria mpaka akakipata kile kikombe cha bati, kimejaa vumbi. Alikiosha. Akachota chakula cha samaki nusu yake, akasawazisha kwa kidole gumba, akarudia, mpaka punje iliyozidi ikaanguka.

Akaenda kumlisha jike.