Nilimpa Bakshishi Mjomba wa Mchumba Wangu

Ndugu wasomaji, kosa ni langu peke yangu, wala simsingizii shetani. Nilimpa mjomba wa mchumba wangu shilingi mbili za bakshishi mbele ya watu, na mke nikamkosa. Chekeni tu, hata mimi hucheka siku nyingine.

Mimi ni mtu wa Bagamoyo. Kazi yangu kuwatembeza Wazungu wanaokuja kwa motokaa kutazama magofu ya Kaole. Nawasimulia habari, nyingine za kweli, nyingine nazitunga papo hapo. Wakimaliza hunitia shilingi mkononi bila kuniangalia usoni, wakaenda zao. Nikaamini hivyo ndivyo afanyavyo mtu mkubwa akiwa safarini. Mjinga mimi!

Shangazi yangu anayekaa Unguja akanitafutia mchumba huko, binti wa watu wenye heshima zao. Posa ikasikilizwa, ila wenyewe wakataka kwanza wanione. Nikavuka na koti la kizungu, chepeo niliyopewa na mgeni mmoja, na miwani ya jua ambayo sikuivua hata ndani ya forodha.

Bandarini akanipokea mzee mmoja, kanzu imefifia, makubadhi yamelika visigino. Akasema ametumwa anitembeze mjini. Hakutaja jina, nami sikuuliza. Shikamoo yenyewe niliitoa nusunusu. Kumbe watu wale humpima mkwe kabla hajajua kama anapimwa!

Nikambebesha mkoba wangu. Alipokuwa akinieleza habari za msikiti mmoja wa zamani, nikamkatiza, nikamwambia maelezo marefu wageni hawayapendi. Akaninunulia kahawa, nikanywa, nikidhani ataiingiza katika ujira wake. Mzee wa watu akatabasamu tu.

Tulipofika kwa shangazi, barazani wamejaa watu. Nikachomoa shilingi mbili, nikamtia mkononi, uso nimeugeuzia kwingine, nikampigapiga begani.

"Kazi nzuri," nikamwambia.

Mzee akashukuru, akaenda zake.

Ndani shangazi akaniambia yule ni nani. Akanisihi nimkimbilie nikamtake radhi kabla hajafika kwake. Nikakataa! Aibu ilinishika, nikaifunika kwa kiburi. Nikasema kama ni mkubwa angevaa kikubwa, na tena shilingi mbili si haba, mimi mwenyewe hupewa moja.

Kesho yake wazee wa binti wakakutana kuamua habari yangu. Shangazi alikuwepo, ndiye aliyeniletea habari. Mzee aliziweka zile shilingi juu ya mkeka, akasema kwa upole, "Kijana huyu hanidai, wala mimi simdai. Nilimfanyia kazi, akanilipa. Undugu umeingilia wapi hapa?"

Posa ikaishia hapo. Binti akanitumia maneno machache kupitia kwa shangazi: kwamba siku ile mjomba wake alinisubiri barazani kwake mpaka magharibi, na chakula cha mgeni kilikuwa kimeshapikwa. Wallahi, maneno hayo yaliniuma kuliko kukataliwa!

Nyie mnaosafiri ugenini, sikatazi bakshishi, mimi mwenyewe naila. Lakini muulize mtu jina lake kabla hujatia mkono mfukoni, na ukimpa, mtazame usoni. Na ukishaharibu, nenda ukaombe radhi siku ile ile. Mimi nilikataa, kesho yake nikawa nimechelewa, na mpaka leo napika mwenyewe, nala mwenyewe.